Intimate ni ukaribu gani huo? Maana zake na pa kulitumia

Swali: Shikamoo mwalimu. Niliomba kazi kwenye shirika moja la nje, kwenye barua nikaandika "I had an intimate relationship with my former supervisor", nikimaanisha tulifanya kazi kwa karibu na aliniamini sana. Siku ya intavyuu mama mmoja akanisomea ile sentensi mara mbili, akaniuliza nina uhakika nayo, wenzake wakaangaliana. Kamusi yangu inasema intimate ni "-a karibu sana, -a ndani". Kosa liko wapi? Na mbona naliona kila mahali, mara intimate dinner, mara intimate knowledge, juzi tena nimepata imeili inasema "kindly intimate us of your decision". Ni neno hilohilo? Na je, niwaandikie kurekebisha au niache tu?

Jibu: Marahaba binti yangu. Nianze na lile linalokuuma, mengine yatafuata. Sentensi yako, kwa sikio la mtu anayezungumza Kiingereza cha leo, inasema ulikuwa na uhusiano wa kimapenzi na bosi wako, tena wa kufika kitandani. Haisemi kitu kingine. Ndo maana yule mama akasoma mara mbili, na kwa kukuuliza alikuwa anakupa nafasi ya kujieleza, maana angeweza kunyamaza akakuandikia alama mbaya. Ulichotaka kusema kinaandikwa "I worked closely with my former supervisor" au "we had a close working relationship", basi, hapo hakuna atakayeinua kichwa.

Kamusi yako haijakudanganya. Tatizo la kamusi ndogo ni kwamba inakupa maana ya neno likiwa peke yake, na hili ni neno ambalo likiwa peke yake karibu halina maana, linabadilika kutokana na nani kakaa pembeni yake. Likikaa na mtu linasema jambo moja, likikaa na mji au mkataba jambo jingine, likikaa na ukumbi jingine tena, na likigeuka kitenzi ndo kabisa. Kwa hiyo kulijua hili neno ni kuwajua majirani zake.

Ila shina ni moja, na ukilishika shina hutapotea sana. Limetoka Kilatini, "intimus", maana yake ndani kabisa, ndani kuliko ndani nyingine zote. Madaktari bado wanalitumia hivohivo, mshipa wa damu una kuta tatu na ule ukuta wa ndani kabisa unaogusana na damu yenyewe wanauita "tunica intima", mapenzi hayapo hapo wala urafiki, ni ndani tu. Sasa linganisha na "close". Close ni habari ya umbali, kitu kipo jirani na kingine, unaweza kuwa close na mtu na kila mmoja akabaki na mlango wake. Intimate ni habari ya kuingia. Aliyeko intimate keshavuka kizingiti, yuko mle ambamo wengine hawafiki. Ukikumbuka hiyo tofauti ya karibu na ndani utaona kwa nini bosi hawi intimate hata akikupenda vipi kikazi, na Kiswahili chetu kinaijua vizuri sana tofauti hiyo, tuna rafiki wa karibu halafu tuna mwandani, na hilo mwandani limebeba "ndani" tumboni mwake kama lile la Kilatini. Tena nguo ambazo maduka ya Waingereza na Wamarekani huandika "intimates" sisi tunaziita nguo za ndani, na sehemu za mwili ambazo wao huziita "intimate parts" sisi ni sehemu za siri. Kwa hiyo wazo si geni kwako hata kidogo, lililokuangusha ni mazoea ya wenye lugha.

Tukae kwanza kwenye watu, maana huku ndo kuna moto.

Zamani, kwenye riwaya za Kiingereza za karne ya 19, utakuta familia mbili ziko "intimate", au binti ana "intimate friend", na hapo ni urafiki wa kutembeleana na kuambiana siri, hakuna zaidi. Ukisoma vitabu hivyo usishtuke. Lakini kadiri miaka ilivokwenda watu walihitaji neno la heshima la kutajia tendo la ndoa mahakamani, hospitalini, magazetini, na hili ndo likachukuliwa, likazoea kazi hiyo mpaka ile maana ya urafiki ikaanza kufifia. Leo daktari akikuuliza "are you intimate with your partner?" anauliza kama mnakutana kimwili. Gazeti likiandika "they were intimate on several occasions" limemaliza habari. Wala usiwashangae, maana na sisi tuna hivohivo, "kulala na mtu" hatumaanishi usingizi, na Biblia ikisema kwenye Mwanzo 4:1 kwamba Adamu akamjua Hawa mkewe, kila msomaji anaelewa ni kujua kwa aina gani, hasa mtoto akishazaliwa mstari huohuo.

Angalia kwa makini ni nini hasa kinachowasha hiyo maana. Ni kale kaneno "with" kakifuatiwa na mtu. "Intimate with him", "intimate with her", "an intimate relationship with my supervisor". Ukitoa with ukaweka nomino nyingine, joto linapungua. "An intimate conversation" ni mazungumzo ya moyoni, ya watu wawili waliojifungia wakaambiana yasiyoambiwa wengine, inaweza kuwa mama na mwanae, haina ubaya, ingawa kuhusu bosi bado nisingeiandika. "An intimate friend" inakubalika ila ina harufu ya kizamani na kijana wa leo ataipokea kwa mashaka, mwambie "close friend" mambo yaishe. "An intimate of the president" ni msiri wa rais, mtu wake wa ndani, hii utaikuta kwenye magazeti mazito na ni salama kabisa. Halafu kuna "on intimate terms with", hii imekaa katikati, inaweza kuwa kuzoeana tu na inaweza kuwa lile jingine, na kwa maoni yangu msemo ambao msomaji wako lazima asimame kufikiria umemaanisha lipi usiuguse kwenye barua ya kazi.

Hapa naomba nitetee hili neno kidogo, maana nisingependa ulikimbie ukidhani ni neno la kitandani tu. Wanasaikolojia wanalitumia kwa upana na wanajua wanachofanya. Erik Erikson mwaka 1950 aligawa maisha ya binadamu katika hatua nane, na ile ya sita, ya ujana wa utu uzima, akaiita mvutano wa "intimacy" na upweke, yaani kijana ataweza kujifungua kwa mtu mwingine bila kuogopa kujipoteza au atabaki peke yake. Robert Sternberg mwaka 1986 akasema mapenzi yana pembe tatu, intimacy, hamu ya kimwili na kujifunga kwa ahadi. Umeona alichofanya? Kaitenga intimacy na hamu ya kimwili, ni pembe mbili tofauti, kwa hiyo kwake marafiki wa kweli wana intimacy tele bila mguso wowote. Na Arthur Aron na wenzake mwaka 1997 waliandika jaribio ambalo watu wasiojuana waliwekwa wawiliwawili wakapewa maswali 36 ya kuulizana kwa kama dakika 45, yanaanza mepesi halafu yanazidi kuzama, na wale waliopitia maswali yale wakajiona wamekaribiana kuliko waliopewa maswali ya kupiga soga tu. Kilichowakaribisha hapo ni kufunguliana. Kwa hiyo ukikuta "intimacy" kwenye kitabu cha ushauri wa ndoa usikimbilie kutafsiri tendo la ndoa, soma aya nzima, mara nyingi mwandishi anazungumzia kuaminiana na kuambiana ukweli, na wakitaka lile jingine husema wazi "physical intimacy" au "sexual intimacy". Kutenganisha huko kuna maana sana, wapo wenzi wanaokutana kimwili miaka na miaka na hawajawahi kuwa na intimacy hata siku moja, na neno hili ndo linalowapa lugha ya kulisema hilo.

Kuna na mpaka wa mwili wenyewe. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, mwaka 1966 alipima watu wanavosimama wakizungumza, na ule umbali wa kwanza, kutoka kugusana mpaka kama sentimita 45, akauita "intimate distance", umbali wa kunong'ona, kukumbatia mtoto, kufarijiana. Ukitoka hapo mpaka kama mita 1.2 ni umbali wa kibinafsi, halafu wa kijamii, halafu wa hadharani. Alichunguza Wamarekani zaidi na mwenyewe alisema jamii hazifanani kwenye hili. Ila ona tena ni lilelile la kizingiti, mtu usiyemjua akiingia ndani ya sentimita hizo 45 unahisi kaingia kwako bila hodi.

Sheria nayo imelibeba. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1984 ya mamlaka ya polisi na ushahidi, inayotofautisha sampuli ambazo ni intimate na zisizo, damu na mkojo ni intimate, mate na nywele za kichwani siyo, na "intimate search" ni upekuzi wa kwenye matundu ya mwili mbali na mdomo, wenye masharti yake makali. "Intimate images" ni picha za faragha za mwili au za tendo, zile ambazo kuzisambaza bila ridhaa ni kosa la jinai nchi nyingi sa hivi. Na "intimate partner" ni mwenzi, na hapa watafsiri wengi wanateleza wakaandika "mume" au "mpenzi wa karibu". Siyo hivyo. Shirika la Afya Duniani lilipokadiria mwaka 2021 kwamba kama asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenzi wamepigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenzi, lilihesabu mume na asiye mume, wa sasa na aliyeachwa zamani. Ukiandika "mume" umewafuta wengine wote. Andika "mwenzi wa sasa au wa zamani", sentensi itarefuka lakini itakuwa ya kweli. Na kwenye filamu tangu kama 2018, kampuni ya televisheni ya Marekani HBO ilipoanza kuajiri watu hao, kuna kazi inaitwa "intimacy coordinator", msimamizi wa matukio ya faragha, anayehakikisha waigizaji wamekubaliana kila mguso kabla kamera haijawashwa.

Sasa tutoke kwa watu twende kwenye vitu, huku unaweza kupumua. "Intimate knowledge of the system" ni kuujua mfumo nje ndani, kwa kuufanyia kazi, siyo kwa kuusoma. Hii ni sifa nzuri sana na kwenye sivii inakaa vizuri: "She has an intimate knowledge of customs procedures" maana yake anazijua taratibu za forodha mpaka vichochoro vyake. Jaribu kubadilisha neno moja la mwisho uone, "an intimate knowledge of the port" ni sifa, "an intimate knowledge of the director" ni kesi. Sentensi ni ileile, jirani ndo kabadilika. "Intimately familiar with the contract" salama. "The two questions are intimately connected", yaani mambo hayo mawili yameshikana, huwezi kuligusa moja lingine likatulia, hii pia salama na wasomi wanaipenda. Kwenye kemia "intimate mixture" ni unga wa vitu viwili uliochanganyika mpaka chembe na chembe zimeingiliana.

Kwa mahali na shughuli lina maana ya udogo wenye joto. "An intimate wedding" ni harusi ya watu wachache, wale wa damu na wa kufa na kuzikana, "an intimate venue" ni ukumbi mdogo ambao msanii anaona sura yako, "intimate dinner" inaweza kuwa ya wapenzi wawili na inaweza kuwa ya marafiki sita, habari nyingine ndo itakwambia. Usitafsiri "harusi ya kimahaba" kama nilivyoona pahala, andika "harusi ndogo ya watu wa karibu". Na tangazo la hoteli likikwambia chumba ni "intimate" elewa kwamba wanakwambia pia ni kidogo.

Nije kwenye ile imeili yako, "kindly intimate us of your decision". Hili hapa ni kitenzi na lazima ujue mambo mawili kulihusu, la kwanza ni matamshi. Kivumishi ni IN-ti-met, mwisho wake mfupi umemezwa. Kitenzi ni IN-ti-meit, mwisho unasikika wote. Mkazo unabaki mwanzoni kote kuwili. Ni tabia ya maneno mengi ya Kiingereza yanayoishia hivo, angalia "separate", "estimate", "graduate", yote yanabadili mwisho yakigeuka kitenzi, kwa hiyo ukizoea moja umezoea yote. La pili ni maana. Kwa Kiingereza cha kawaida kitenzi hiki ni kudokeza, kusema kwa mbali bila kutamka waziwazi. "She intimated that she would resign", alidokeza kwamba angejiuzulu, hakusema "najiuzulu", kaacha neno likaning'inia na mwenye akili kaelewa. Ndo maana waandishi wa siasa wanalipenda, linawalinda, halisemi waziri kasema. Kudokeza kwetu ni tafsiri nzuri mno, sioni kama kuna haja ya kutafuta nyingine, na "intimation" ni dokezo.

Lakini aliyekuandikia wewe hakutaka umdokezee. Kiingereza cha maofisini India kinatumia "intimate" kwa maana ya kujulisha rasmi, na Uskoti mahakamani na makanisani pia "intimation" ni taarifa rasmi au tangazo. Hawajabuni, kile kitenzi cha Kilatini "intimare" kilibeba hasa hiyo maana ya kutangaza, kumwingizia mtu habari. Tofauti nyingine ni ya muundo: Uingereza utasema "intimate something to someone", unakidokeza kitu kwa mtu, wakati ile stail ya India inamweka mtu moja kwa moja, "intimate us". Wewe waelewe, uwajibu, ila usiiige ukiandikia watu wa kwingine kwa sababu msomaji wa London au Chicago atakutana na "intimate us" na jicho lake litakwenda kulekule lilikokwenda la yule mama. Andika "please inform us" au "let us know".

Halafu angalizo moja la haraka, "intimidate" siyo ndugu yake. Hilo ni kutisha, linatoka kwenye "timidus", mwoga, na yanafanana kwa sura tu. Nimeshaona barua inayosema "my manager intimated me" na mwandishi alitaka kusema alitishwa. Kosa hilo linaweza kukufutia malalamiko ya kweli kabisa, msomaji asijue kwamba kuna mtu kaonewa.

Kwa upande wa kutafsiri kuja Kiswahili, ushauri wangu ni usitafute neno moja la kubeba yote, litakuzamisha. Intimate friend ni mwandani au msiri, au sema wameshibana, au ni chanda na pete. Intimate details ni mambo ya ndani, ya faragha. Intimate knowledge ni kujua nje ndani. Mahusiano yakiwa ya kimwili sema ya kimwili, na kama andiko ni la wanandoa "unyumba" ni neno zuri lenye heshima ambalo tunalisahau bure. Intimacy ya wanasaikolojia ndo inayosumbua, wengi wanaandika "ukaribu" na mimi naona ukaribu ni mwepesi mno kwa kazi hiyo, maana hata viti viwili vina ukaribu. Naandika "ukaribu wa moyo" au "kufunguliana", kutegemea sentensi inavokwenda.

Na swali lako la mwisho, uandike au uache. Andika. Mpaka sa hivi yule mama hana uhakika, na akiwa hana uhakika, aliyechafuka siyo wewe peke yako, hata yule bosi wako wa zamani ambaye pengine watampigia simu kumuulizia habari zako jina lake limo mle. Usijieleze sana, usiombe radhi kwa aya tatu, wala usiwapigie simu. Imeili fupi inatosha, leo hiihii kabla hawajakaa kuamua: "Thank you for the interview. I would like to correct one sentence in my cover letter. I meant to say that I worked closely with my former supervisor, who trusted me with a great deal of responsibility. I apologise for the wrong choice of word." Halafu weka jina lako, ambatanisha barua iliyorekebishwa, na kabla hujaituma mpigie yule bosi wa zamani umwambie kilichotokea, asije akaulizwa swali la ajabu akiwa hajajiandaa.